Mwenda Tezi na Omo: Lugha ya Bahari na Mji wa Lamu



Ni wachache waliosoma Kiswahili katika shule za sekondari wasioijua methali isemayo, "Mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani." Mwanafunzi ameikuta kitabuni, ameitungia insha, na ameieleza mbele ya mtahini kwamba mtu azunguke atakavyozunguka, mwisho hurudi kwao. Jibu hilo hupewa alama. Lakini mwanafunzi huyohuyo akiulizwa tezi ni nini, omo ni nini, na kwa nini marejeo yawe ngamani wala yasiwe mlingotini, aghalabu hunyamaza. Methali imebaki, chombo kimeondoka chini yake.

Mhadhara huu unahusu chombo hicho na lugha iliyosafiri ndani yake. Mji wa Lamu umechaguliwa kuwa mfano kwa sababu mbili. Kwanza, ni mji wa kale ambao bado una mabaharia wa tanga, si picha zao tu. Ngome yake ilijengwa kati ya mwaka 1813 na 1821, na mwaka 2001 mji mkongwe uliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO. Lakini ufuko ulio mbele ya ngome hiyo haujageuka kuwa kumbukumbu; mashua na majahazi hufunga gatini kila siku. Pili, Lamu ilimpata mtafiti aliyeichukulia kazi ya bahari kuwa elimu kamili. A.H.J. Prins alichapisha mwaka 1965 kitabu chake kiitwacho Sailing from Lamu, na hadi leo hakuna mtu anayeweza kuandika juu ya ubaharia wa Waswahili akakiruka.

Mwanafunzi wa lugha anayekwenda Lamu kwa njia ya bara hushuka garini Mokowe. Gari huishia hapo. Mbele yake pana maji, na maji hayo ndiyo mwalimu wake wa kwanza. Akitaka kuendelea hadi Pate au Kizingitini atasikia habari za Mkanda, mfereji mwembamba ulio kati ya kisiwa cha Manda na bara, ambao maji yakipwa huwa hauna kina cha kutosha kupitisha chombo. Basi saa ya safari haipangwi na mwenye chombo wala na abiria, hupangwa na kupwa na kujaa. Atasikia pia kwamba leo ni bamvua au kwamba leo ni maji mafu, na itambidi aulize. Bamvua ni maji makubwa ya mwezi mwandamo na mwezi mpevu, yanayojaa sana na kupwa sana; maji mafu ni yale ya kati, ambayo hayapandi juu wala hayashuki chini. Mvuvi, mkata mikoko na mwenye kupandisha chombo pwani ili kukipaka sifa, wote hufanya kazi kwa kalenda hiyo ya mwezi. Mgeni aliyezoea saa ya ukutani huanza kujifunza kwa kuchelewa.

Katika Jumba la Makumbusho la Lamu, lililo ufukoni, mgeni atakuta mifano ya vyombo vya pwani, midogo na yenye kuvutia. Kuna faida kubwa katika kuitazama. Hata hivyo jumba la makumbusho, kwa tabia yake, hufundisha nomino. Huonyesha mlingoti, foromali, tanga, usukani, na kila kimoja kimetulia mahali pake. Vitenzi havikai kabatini. Anayevitaka vitenzi hana budi kuingia chomboni.

Humo ndimo methali ile inapofunguka. Omo ni sehemu ya mbele ya chombo. Tezi ni ya nyuma, anakokaa mshika usukani. Ngama ni tumbo la chini kabisa, ambako maji yanayovuja na yale yanayorushwa na mawimbi hukusanyika. Chombo cha mbao hakikosi kuvuja, hata kiwe kimetiwa kalafati vizuri namna gani, na maji hayo lazima yafuliwe kwa upo. Baharia aweza kushinda tezi akizungumza na nahodha. Aweza kwenda omo kuangalia mwamba. Lakini maji yakizidi ngamani atashuka, awe nani. Ukiitazama methali ukiwa ndani ya chombo, unaona kwamba marejeo yanayotajwa si nyumba ya kupumzikia tu. Ni mahali penye kazi isiyokwepeka, kazi ambayo ikiachwa wote huzama. Tafsiri ya darasani si kosa, ila ni nyepesi kuliko methali yenyewe.

Tuseme upepo unatoka kule chombo kinakotaka kwenda. Hakuna tanga linaloweza kukielekeza moja kwa moja. Nahodha hana budi kubisha, yaani kukiongoza chombo kwa mshazari upande mmoja, kisha kwa mshazari upande wa pili, akiupanda upepo kidogo kidogo. Mwanafunzi wa bara anakijua kitenzi kubisha katika matumizi mawili: kubisha hodi na kubisha maneno. Mlangoni mtu hugonga. Katika mjadala hukataa kauli ya mwenzake. Baharini hukabiliana na upepo. Anayebisha baharini hapigani na upepo kwa nguvu, bali huutumia huohuo unaompinga kumfikisha anakokwenda. Maana hii ya tatu huyapa yale mawili mwanga ambao fasili ya kamusi haina nafasi ya kuutoa.

Kubisha kuna taratibu zake. Upande wa chombo unakotoka upepo huitwa joshi, na jina hilo hutumika pia kwa pembe ya mbele ya tanga na kamba inayoishika. Demani ni kamba ya pembe ya nyuma, na upande wa demani ni ule unakokwenda upepo. Kwenda joshi ni kukaribia upepo kwa kadiri tanga linavyoruhusu. Unapofika wakati wa kugeuza upande, foromali, ule mti mrefu uliobeba tanga, huzungushwa mbele ya mlingoti hadi upande wa pili. Huko ndiko kukisi tanga. Katika chombo kikubwa ni kazi ya watu wengi kwa sauti moja, na kosa dogo laweza kumtupa mtu majini. Farumi nazo, yaani mifuko ya mchanga inayokipa chombo uzito, huhamishwa kwenda upande wa joshi. Katika mashindano ya mashua, ambayo Lamu huyapenda kupita kiasi, mabaharia hukaa juu ya ubao uliotokeza nje upande huohuo, miili yao ikawa farumi.

Sasa mtu aifikirie kamusi inayosema kwamba demani ni "kamba ya chombo", kisha ikanyamaza. Maelezo hayo si ya uongo. Lakini ni sawa na kusema kwamba kitenzi ni sehemu ya sentensi. Neno joshi halina maana peke yake. Linaishi kwa kuwa demani ipo, na yote mawili yanaishi kwa kuwa upepo unavuma kutoka mahali fulani. Kuyaorodhesha kwa alfabeti, moja chini ya D na jingine chini ya J, ni kuwatenga ndugu. Kwa upande huu kazi ya Charles Sacleux, aliyechapisha kamusi yake ya Kiswahili na Kifaransa mwaka 1939, bado haijapata mshindani: alitaja lahaja, alitaja chombo, na mara nyingi alitaja kazi. Inafaa kukumbukwa kwamba mwaka huohuo ilitoka kamusi ya Frederick Johnson, iliyofuata njia ya usanifishaji. Mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928 ulikuwa umeichagua Kiunguja kuwa msingi wa Kiswahili sanifu, na kamati ya lugha iliyoanza kazi mwaka 1930 ikaishika njia hiyo. Hapana haja ya kuulaumu uamuzi ule leo. Shule zilihitaji lugha moja. Ila Kiamu, lahaja inayosema mato badala ya macho na ndia badala ya njia, kilibaki nje ya mlango, na pamoja nacho vikabaki nje vitu vingi vilivyojulikana zaidi na watu wake.

Demani ina maana nyingine, nayo inaufikisha mjadala kwenye pepo. Ni jina la majira: miezi ya upepo mwanana baada ya kusi kupoa, kuanzia karibu na Agosti. Mwaka wa baharia haukugawanywa kwa miezi bali kwa pepo. Kaskazi huvuma kuanzia karibu na Desemba hadi Machi, nayo ndiyo iliyovileta vyombo kutoka Arabuni, Ghuba na Bara Hindi. Kusi huanza Aprili na kuvirudisha. Katikati ya kusi, Juni na Julai, bahari huchafuka, na nahodha mwenye akili hakai njiani. Kwa hiyo mfanyabiashara aliyechelewa kuondoka na kusi ya mwanzo alingoja demani, na kungoja huko kwa miezi kulizaa ndoa, madeni, misikiti na mashairi. Mwaka 1938 hadi 1939, Alan Villiers, baharia na mwandishi wa Australia, alifuatana na chombo cha Kuwait kutoka Aden hadi Unguja na delta ya Rufiji kwa mwendo uleule. Hicho kilikuwa kizazi cha mwisho cha biashara ile kubwa ya tanga.

Kutokana na pepo hizo mbili lugha ilipata majina ya pande za dunia. Kaskazini ni kule kwenye kaskazi. Kusini ni kule kwenye kusi. Mtu wa Bujumbura au wa Lubumbashi husema "kusini" kila siku bila kuwahi kusikia kusi ikilia kwenye henza. Katika neno hilo amebeba ramani ya baharia wa pwani.

Kalenda ya Kiislamu, kwa kuwa hufuata mwezi, hurudi nyuma siku kama 11 kila mwaka wa jua, hivyo haiwezi kumwambia nahodha kaskazi itaanza lini. Ndiyo sababu mabaharia walishika hesabu ya Nairuzi, yenye asili ya Uajemi: mwaka wa jua wa siku 365, unaohesabiwa kwa makumi. Kila kumi liliitwa mwongo. Nahodha alijua katika mwongo wa ngapi bahari hufunga na katika mwongo wa ngapi hufunguka. Leo neno hilo, likiandikwa aghalabu muongo, hutumika katika vitabu vya historia na taarifa za serikali kwa maana ya miaka kumi. Walioliazima walichukua idadi, wakaziacha siku.

Kutoka mjini, anayetaka kuona chombo kikizaliwa huenda Matondoni, kijiji kilicho upande wa magharibi wa kisiwa. Huko mafundi wamejenga vyombo kizazi baada ya kizazi bila mchoro wa karatasi. Vipimo vi mwilini: shibiri, morita, mkono, pima. Vifaa ni shoka, tezo, patasi na keekee. Hulazwa kwanza mkuku, kisha husimamishwa hanamu ya mbele na fashini ya nyuma, na fundi hufuata jicho lake. Mbavu za chombo, ziitwazo mataruma, hutafutwa msituni katika miti iliyopinda yenyewe kwa umbo linalotakiwa. Fundi huuona ubavu ndani ya mti ungali umesimama. Jahazi la Lamu hutambulika kwa mbali kwa omo yake iliyosimama wima na kwa macho mawili ya mbao yaliyochongwa na kupigiliwa mbele. Wenyeji huyaita macho hivyohivyo, kwa kuwa chombo huona.

Kabla ya jahazi ulikuwako mtepe, na hapa inafaa kutua kidogo. Mtepe ulikuwa chombo cha visiwa vya Lamu, kilichoshonwa kwa kamba za makumbi ya nazi bila msumari hata mmoja, kikienda kwa tanga la mkeka. Kitabu cha Kigiriki kiitwacho Periplus, cha karne ya kwanza, kinataja vyombo vya kushonwa katika pwani hii, na kinaeleza kwamba mji wa Rhapta ulipata jina lake kutokana navyo. Kati ya maandishi yale na mitepe ya mwisho, iliyotoweka katika nusu ya kwanza ya karne ya 20, pana karibu miaka 1,900. Ni vigumu kutaja ufundi mwingine wa Waswahili wenye ushahidi wa kale kiasi hicho. Na bado wapo wanaoendelea kusema kwamba Waswahili walijifunza bahari kwa wageni.

Wanaosema hivyo hutegemea maneno. Ni kweli kwamba nahodha, serehangi na bandari ni maneno yenye asili ya Kiajemi. Ni kweli kwamba rubani, dira na baharia yametoka katika Kiarabu. Orodha ya maneno ya namna hiyo ni ndefu na haikanushiki. Lakini iangaliwe inahusu nini. Inahusu vyeo, vifaa vya safari ndefu, kamba za tanga kubwa na shughuli za bandari, yaani yale ambayo mabaharia wa mataifa mengi walihitaji kuyaelewa kwa pamoja katika chombo kimoja. Ukishuka kwenye maji yenyewe, lugha hubadilika. Kupwa, kujaa, kuvua, kafi, chombo, wimbi: haya ni maneno ya Kibantu. Uchunguzi wa Derek Nurse na Thomas Hinnebusch juu ya historia ya Kiswahili na lugha za Kisabaki, uliochapishwa mwaka 1993, umeonyesha jinsi maneno ya mkopo yanavyoweza kupangwa kwa vipindi badala ya kutupwa yote katika kapu moja liitwalo "Kiarabu". Watu walioivua bahari hii kabla ya kaskazi kuwaletea wageni walikuwa na lugha ya kuieleza. Wageni walipofika, waliazimana, kama mabaharia wafanyavyo kila mahali.

Biashara iliyoulisha mji kwa muda mrefu ilikuwa ya boriti za mikoko. Mkoko, mkandaa, mchu, muia na mkomafi kila mmoja una kazi yake, na nguzo zilizokatwa zilipangwa kwa unene: fito, pau, mazio, boriti, nguzo. Zilihesabiwa kwa korija, yaani ishirini ishirini. Majahazi yalizipeleka Arabuni na Ghuba, ambako miti ya kujengea ilikuwa adimu. Hata nyumba za mawe za Lamu zilitii boriti: vyumba ni virefu na vyembamba kwa sababu upana wa chumba hauwezi kuzidi urefu wa boriti inayobeba dari. Serikali ya Kenya ilipopiga marufuku usafirishaji wa boriti nje ya nchi mwanzoni mwa miaka ya 1980, misitu ilipata nafuu, na majahazi makubwa yakapoteza shehena. Mashine za boti zikafanya yaliyosalia. Chombo chenye mashine hakibishi. Huelekea kinakokwenda, na kwa hiyo hakihitaji joshi wala demani, wala kijana anayekiendesha hana sababu ya kuyajua maneno hayo.

Jambo hili si la kulia tu. Lugha ya bahari haikufa. Sehemu yake ilihama. Rubani alitoka kwenye mlango wa bandari akapanda ndege, na ndege nayo hutua, kama tanga lituliwavyo. Usukani uko kwenye gari. Nahodha anaongoza timu ya mpira. Dira imekuwa mpango wa taifa, kama ilivyokuwa Dira ya Maendeleo ya Tanzania ya mwaka 2025. Umeme una mkondo, redio ina mawimbi, na siasa zikiharibika husemwa kwamba mambo yamekwenda mrama, ingawa mrama ni kule kuyumba kwa chombo kinachopigwa na mawimbi. Watunga istilahi wa karne ya 20 walipohitaji maneno ya mambo mapya, waliyakuta mengi baharini. Swali ni kama waliobaki wanajua bado kuna nini humo.

Katika ghuba ya Manda imejengwa bandari mpya ya Lamu, sehemu ya mradi wa LAPSSET uliozinduliwa mwaka 2012. Gati lake la kwanza lilifunguliwa Mei 2021. Mwaka 2018 Mahakama Kuu ya Kenya iliamua kwamba wavuvi wapatao 4,600 walioathiriwa na ujenzi walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.76. Fidia ya namna hiyo hukadiriwa kwa samaki na riziki. Hakuna kipimo kilichowekewa majina: majina ya vilindi, ya miamba, ya mikondo na ya mahali pa kutupa nanga, ambayo wavuvi huyatumia kama mtu wa mjini atumiavyo majina ya mitaa. Mahali pakichimbwa, jina hukosa pa kukaa.

Kwa wanafunzi wa leo, kazi iliyopo ni ya mikono zaidi kuliko ya nadharia. Si lazima kila tasnifu ianze na nadharia tatu na imalizike na jedwali. Mwanafunzi mmoja akikaa Matondoni tangu mkuku ulazwe hadi chombo kishuswe majini, akarekodi kila kauli ya fundi na kila jibu la msaidizi wake, atakuwa ameipa taaluma kitu ambacho hakuna mtu atakayeweza kukitoa baada ya miaka thelathini. Kamusi nazo zingefaa kuwa na michoro inayoonyesha tanga likiwa na upepo ndani yake, na mifano ya matumizi iliyotoka vinywani mwa mabaharia, si iliyotungwa ofisini ili kujaza nafasi.

Wala isidhaniwe kwamba Lamu inangoja kuokolewa na vyuo vikuu. Septemba 2018 kilishushwa majini kisiwani humo chombo kiitwacho Flipflopi, kilichoundwa kwa plastiki iliyokusanywa ufukoni na mitaani na kuyeyushwa kuwa mbao, kikafunikwa ubavuni kwa malapa ya rangi zote. Mapema mwaka 2019 kilisafiri hadi Unguja, mwendo wa kilomita 500 hivi. Mafundi walioifanya kazi hiyo walikuwa mafundi wa majahazi. Plastiki haikuwa na jina katika ufundi wao, haikupinda kama mti wala haikushika msumari kama mti, ikabidi wajaribu na kujaribu tena. Lakini walipoilaza chini ili waanze kujenga juu yake, waliilaza kuwa mkuku, wakasimamisha mataruma, wakakiwekea tanga chombo chao.